Kisiwani na Watoto: Tuongozwe au Twende Wenyewe?

Ndugu msomaji, ukitoka Kigera ukashuka hadi ufukweni, huchukui muda kutambua kwamba mji wa Musoma umezungukwa na maji karibu pande zote. Wenyeji hueleza kuwa hata jina la mji limetokana na neno la Kikwaya, omusoma, maana yake rasi. Mtoto anayekulia hapa huliona ziwa kila siku, na hatimaye humuuliza mzazi wake: kule visiwani tutakwenda lini?

Swali hili ni la haki. Familia ya mfanyakazi inayo haki ya kupumzika, na Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, si mali ya wavuvi na wageni kutoka ng'ambo peke yao. Lakini mara mzazi anapokubali, huzuka swali la pili lililo gumu zaidi. Je, familia ikabidhi siku yake kwa mtu anayeifahamu kazi ya kuongoza wageni, au ijikusanye, ikodi chombo na kwenda yenyewe?

KUONGOZWA

Mfano mzuri wa safari ya kuongozwa uko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa barabara. Kisiwa cha Saanane kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Mgeni hulipa kiingilio, hupanda boti kutoka Kapripoint, na baada ya dakika chache huwa yumo miongoni mwa majabali, swala na pundamilia. Anayeongozwa huambiwa pia kwamba kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla ya wanyama kuletwa. Anayepita peke yake huweza kurudi nyumbani akidhani Saanane ni jina la jiwe.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mwongozaji: huipa macho akili. Faida ya pili ni kwamba mama na baba nao hupumzika. Hawana haja ya kubishana bei ya chombo, wala kuulizia njia, wala kuhesabu saa. Hasara zake nazo ni wazi. Gharama hulipwa kwa kila kichwa, na familia ya watu saba si sawa na familia ya watu watatu. Tena siku hugawanywa kwa saa za mwongozaji. Mtoto aliyeinama kumtazama kenge juu ya jiwe huvutwa mkono aondoke, kwa sababu kundi linakwenda mbele.

KUJITEGEMEA

Mfano wa safari ya kujitegemea uko karibu zaidi na Kigera. Kisiwa cha Rukuba, ambacho wengine hukiandika Lukuba, kimo katika Wilaya ya Musoma, nacho ni makazi ya wavuvi, wenye kijiji chao na shule ya watoto wao. Hapo hakuna lango la kiingilio kama la hifadhi. Yako mawe makubwa, ndege wa majini, nyavu zilizoanikwa na dagaa waliotandazwa juani.

Anayekwenda mwenyewe hubeba chakula chake, au hununua sato kutoka kwa mvuvi. Hukaa chini ya mti apendavyo. Watoto hujionea kwamba samaki anayefika mezani ametokana na usiku mzima wa kazi ya mtu. Hilo ni somo lisilopatikana kwa urahisi darasani. Lakini kumbuka, ndugu msomaji, kwamba kijiji si maonyesho. Ukifika mwaloni, jitambulishe kwanza kwa uongozi wa kijiji au kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, waeleze mmekuja kwa nini na mtaondoka saa ngapi. Usimpige mtu picha bila idhini yake. Mgeni aliyebisha hodi huonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, tena huonywa mahali pabaya pa kukanyaga.

ZIWA HALINA MZAHA

Kama hesabu ingekuwa ya fedha na uhuru tu, kila familia ingeamua kwa mfuko wake. Lakini kati ya nchi kavu na kisiwa pana maji, na maji haya yana historia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia nanga Ukara, wilayani Ukerewe, na watu 228 wakafa. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Na Julai 2023, hapa hapa mkoani Mara, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wakitoka ibadani ilizama wilayani Bunda, na watu zaidi ya kumi wakafa.

Tazama vizuri mifano hii. MV Nyerere haikuwa mbali katika kilindi. Ilikuwa karibu kufika. Wale wa Bunda hawakuwa na safari ndefu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa kusema kwamba ni pale tu, tunavuka mara moja.

Upepo nao una desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea pwani, mawimbi yakainuka. Ndiyo maana asubuhi iliyo shwari si ahadi ya alasiri iliyo shwari. Nenda jua likiwa limekwisha kuchomoza na mbingu zikionekana vizuri, urudi mapema kabla ya jioni. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa maana dhoruba za ziwa hili huja kwa haraka.

NANI ATASEMA TURUDI?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye kiini cha shauri lote. Safari iwe ya kuongozwa au ya kujitegemea, swali la kwanza ni hili: nani mwenye uwezo wa kusema leo hatuendi? Mwenye chombo aliyekwisha kununua mafuta huona uzito kusema hivyo. Baba aliyewaahidi watoto kwa mwezi mzima huona uzito zaidi. Basi patana mapema na mwenye chombo kwamba hali ikiwa mbaya, safari itaahirishwa na fedha hazitapotea. Asiyekubali sharti hilo, mwache. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Ziwani methali hiyo isifuatwe. Hata ukiwa umekwisha kuyavulia nguo, unayo ruhusa ya kuzivaa tena na kurudi nyumbani.

Kabla ya kupanda, hesabu watu na mizigo, kisha hesabu jaketi za kuokolea maisha. Liwepo moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto, kwa kuwa la mtu mzima humchomoka mara aangukapo majini. Uliza kama chombo kimekaguliwa na kina leseni. Nahodha mwema haoni haya kuulizwa.

Mkiwa kisiwani, msiwaachie watoto kuoga katika maji yaliyotulia penye majani na matete. Humo huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya katika ngozi bila mtu kusikia maumivu. Mamba nao hupenda mahali kama hapo. Maji ya kunywa yachukuliwe kutoka nyumbani, yakiwa yamechemshwa.

Basi tuchague lipi? Familia ambayo haijapata kuvuka maji, au yenye mtoto mchanga na mzee, ianze na safari ya kuongozwa, au ivuke kwanza Ghuba ya Mara kwa kivuko cha Musoma na Kinesi, watoto wayazoee maji. Familia yenye uzoefu na iende yenyewe, lakini iyagawe mambo mawili: majini iongozwe na nahodha anayelijua ziwa na kumtii, nchi kavu ijitawale kwa saa zake na chakula chake. Kujitegemea hakuna maana ya kumkataa ajuaye zaidi. Maana yake ni kuamua wenyewe ni nani tutamwamini, na kwa jambo gani.

Kisiwa hakitahama. Jumapili hii upepo ukikataa, kaeni Musoma, nunueni samaki, mle pamoja ufukweni mkilitazama ziwa. Jumapili nyingine itakuja, na wote mtakuwapo kuivuka.