Kabla ya Kodi, Uliza Jirani

Mwaka 2007, mapigano ya kugombania ardhi yalipochacha Mlima Elgon, mama alifungasha virago Kapsokwony akaja kwangu Kitale. Nilikuwa na chumba kimoja tu, nikaanza kusaka nyumba. Milimani palikuwa patulivu, lakini kodi ilinishinda. Tuwani na Matisi kodi ilikuwa nafuu, ila nyumba zimebanana. Kibomet nikapata nyumba yenye kijishamba cha sukumawiki.

Nikamweleza mama habari za maji, matatu na kodi. Akauliza: “Na jirani ni nani?”

Nilikosa jibu. Waliomtimua mlimani ni watu aliokuwa akiombana nao chumvi.

Jioni hiyo nilirudi Kibomet, nikabisha hodi mlango wa pili. Nawe msomaji, fanya vivyo hivyo kabla hujalipa.