Mkuku Uishie Wapi?

Fundi aliyenifundisha kuunda mitumbwi alifariki mwaka jana huko Kyangwali, ng'ambo ya Uganda, katika makazi ya wakimbizi. Alizikwa kwenye kilima ambako ziwa halionekani. Tangu habari hiyo itufikie, vijana wa hapa Tchomia, upande wa Kongo wa Ziwa Albert, wananiletea mimi swali walilokuwa wakimpelekea yeye: "Mzee, nimepata pesa ya mtumbwi wangu mwenyewe. Nichukue upi?" Mkono wangu hauwezi tena tezo, na karakana nimewaachia wengine. Jibu bado ninalo. Na kwa kuwa hapa mwaloni wapo wanaolieleza kinyume kabisa na alivyolieleza fundi, nimeamua kuliandika kama nilivyolipokea.

Kuhusu utoto wangu sina mengi. Nilizaliwa Blukwa mwaka 1957, juu kwenye nyanda za baridi za Djugu, kwa baba mfugaji na mama mkulima wa maharage na viazi. Nilisoma mpaka karo ikashindikana, nikateremka gengeni kwa miguu kama vijana wengi wa juu walivyofanya, hadi ziwani kwenye joto na mbu. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Miaka hiyo hiyo serikali ya Zaire ikaja kulipa ziwa jina la Mobutu Sese Seko. Jina likaondoka na mwenyewe, na Ziwa Albert likabaki Albert.

Fundi nilimkuta chini ya mwembe akipiga kalafati. Hakunipa kazi ya mbao kwanza. Aliniagiza nipande kila mtumbwi uliotoka mkononi mwake, niketi omo, kisha katikati, kisha tezi, halafu nirudi nimwambie mgongo umeuma wapi, maji yamenirukia kutoka ubavu gani, na nahodha alishika usukani kwa mkono mmoja au miwili. Wanafunzi wengine waliona ni kupoteza muda. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa elimu yenyewe. Aliamini kwamba chombo kinachomchosha nahodha saa ya kwanza kitamzamisha saa ya nne, kwa sababu mtu aliyechoka hatazami tena wimbi linalokuja.

Lazima nieleze ziwa letu, maana ushauri wa mtumbwi usiotaja maji yake ni kelele tupu. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kilomita 30 na kitu. Liko ndani ya bonde, milima imelibana upande wetu, na kina chake si kikubwa, hata penye kina kirefu hakifiki mita 60. Upepo ukishika urefu wa bonde unapata njia ndefu ya kukimbia, na juu ya maji yasiyo na kina mawimbi yake huwa mafupi, yamesimama wima, yanafuatana karibu karibu. Halafu kuna dhoruba inayoporomoka kutoka gengeni bila kuaga, mara nyingi usiku. Anayevuka kutoka Tchomia kwenda Sebagoro au Kaiso, upande wa Uganda, hupigwa na hayo mawimbi ubavuni karibu njia nzima. Ubavuni, si omo. Kila hoja ya fundi ilianzia hapo.

Kwenye ziwa hili mitumbwi ya mbao ni ya aina mbili kubwa. Upo wa tumbo bapa, usio na mkuku, yaani ule ubao wa uti unaopita chini ya tumbo, ambao Waganda wenyewe wanauita barki ya Kongo. Na upo wa Sesse, uliotoka Ziwa Viktoria, wenye mkuku na tumbo lililochongoka. Bapa una sifa zake na sitazificha. Unabeba mzigo mwingi, unakaa imara wakati wa kutega nyavu, unaingia hadi mchangani penye maji ya magotini, na mvuvi wa muziri, wale samaki wadogo, anayefanya kazi na taa usiku wa shwari hahitaji kingine. Lakini upepo ukija wa ubavuni, tumbo bapa halina kitu cha kushikia maji. Linateleza upande. Nahodha anaelekeza omo Kaiso na mtumbwi unakwenda kwingine. Na kila unapotoka juu ya wimbi unadondoka kwa tumbo lote, kishindo kinapanda uti wa mgongo mpaka kwenye meno. Wa Sesse unakata wimbi na kushika njia, ila ukiwa umesimama unayumba, watu wakisogea wote upande mmoja unalala, na kuutua kwenye fukwe zetu ni taabu.

Fundi hakutaka wowote kati ya hiyo miwili. Ujanani alikwenda Butiaba kutazama mabaki ya Robert Coryndon, meli ya Reli ya Kenya na Uganda iliyounganishwa pale mwaka 1930 na kuharibika mwaka 1962 ziwa lilipojaa. Aliliona tumbo la meli likiwa wazi, akalizunguka, akapima kwa kamba. Aliporudi alianza kuunda mtumbwi wa tumbo bapa lililopanuliwa katikati, omo iliyoinuliwa, na chini yake mkuku wa kina cha vidole vinne tu, ulioanza hatua chache nyuma ya omo. Kina hicho kilitosha kuushika mtumbwi usisukumwe ovyo, na hakikuuzuia kutua mchangani.

Swali likawa: mkuku huo uishie wapi? Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na haujafa hadi leo.

Fundi aliumaliza futi mbili kabla ya ubao wa tezi, tena hakuukata ghafla. Aliuchonga upungue polepole mpaka upotee kwenye tumbo. Sababu yake ni ya moteri. Maji yanayoachwa na mkuku huwa yamevurugika na yana mapovu. Mkuku ukifika mpaka tezi, mapovu hayo yanaingia moja kwa moja kwenye propela. Propela ikishika povu badala ya maji inateleza, moteri inapiga kelele, mtumbwi hauendi, na tundu za kunyonya maji ya kupoza nazo zinavuta hewa. Moteri inapata moto. Ukiumaliza mkuku mapema, maji yanapata nafasi ya kutulia kabla ya kufika kwenye propela.

Mfanyabiashara mmoja, aliyekuwa na mitumbwi mingi kuliko mtu yeyote mwaloni, alimpa fundi mwingine kazi ya kuiga. Yule akaurefusha mkuku mpaka chini ya moteri, akidhani kilicho kirefu ndicho imara. Moteri mpya ya nguvu za farasi 40 ikalia kama imeshikwa koo. Mwenye mali akatangaza mbele ya watu kwamba mkuku ni ujinga, na kwamba fundi wangu anaharibu pesa za watu. Fundi hakujibu. Aliomba mtumbwi upandishwe nchi kavu, akakata mkuku kwa kipimo chake, akauchonga, akausukuma majini na moteri ile ile na mzigo ule ule. Nilikuwa tezi mimi mwenyewe. Moteri ilitulia, na mtumbwi ukaondoka kama ulivyopaswa kuondoka tangu mwanzo. Yule bwana alisema moteri ilikuwa imeshapumzika. Alilipa nusu ya ujira, nusu nyingine haikuonekana, na mitumbwi yake iliyofuata yote ikaundwa bapa. Mpaka leo wako watu mwaloni wanaorudia maneno yake, wakati hawakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo.

Sasa niwajibu vijana.

Mtumbwi tazama ukiwa nchi kavu. Anayekuonyesha mtumbwi ukiwa majini tayari umepakiwa anakuficha kitu. Omba uinuliwe juu ya magogo, mwagia ndani majerikeni manne matano ya maji, kisha inama chini utazame. Mahali linapotoka tone, hapo ndipo ziwa litakapoingilia. Bati lililopigiliwa juu ya maungio ni la kulinda pamba ya kalafati. Ukikuta bati limefunika ufa wa ubao, ondoka.

Uliza mbao zimetoka wapi. Nyanda zetu za Djugu zimejaa mikaratusi, na siku hizi mitumbwi mingi inaundwa kwa mkaratusi uliokatwa mchanga na kupasuliwa mbichi. Mbao hizo hujipinda, hupasuka kwenye misumari, na misimu michache baadaye mtumbwi umelegea wote. Mvule na libuyu kutoka misitu ya Mambasa ni bei ghali, na nyingi hupita hapa zikienda kuuzwa Uganda na Kenya, lakini mtumbwi wa mvule ulioundwa vizuri nimewahi kuukarabati kwa baba na baadaye kwa mwanawe. Kama pesa haitoshi, weka mvule kwenye tumbo na mataruma, mkaratusi mkavu uupeleke juu ubavuni.

Urefu usipungue futi 28. Sisemi hivyo kwa ajili ya mawimbi tu. Uganda inakataza mitumbwi mifupi kuliko hapo, na tangu mwaka 2017 wanajeshi wao wa kulinda uvuvi wameichoma mitumbwi mingi. Chombo kifupi kitakuletea hasara kabla hujauza samaki mmoja.

Moteri ije mwisho, ingawa vijana wote huanza nayo. Najua raha ya mbio. Najua pia kwamba nguvu 40 ina uzito wa zaidi ya kilo 70, na uzito huo wote unakaa tezi. Juu ya mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja unaizamisha tezi na kuinua omo, nahodha haoni mbele na upepo unapata pa kushika. Kwa mtumbwi wako mwenyewe na mzigo wa kawaida, 15 au 25 inatosha. Mimi nimeishi na Yamaha Enduro, na sababu si jina lake. Ni moteri ya mipigo miwili yenye vipande vichache, na fundi yeyote wa mwaloni anaweza kuifungua juu ya turubai. Johnson niliyoanza nayo ilikuwa nzuri, lakini vipuri vyake vilikwisha sokoni. Chagua moteri ambayo buji na impela yake vinapatikana Bunia leo hii, si ile uliyoona kwenye picha. Oili changanya moja kwa hamsini, na ikiwa mpya moja kwa ishirini na tano kwa saa kumi za kwanza. Anayepunguza oili ili aokoe franka atanunua pistoni. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na tumbo la mtumbwi au chini kidogo tu. Na kila unapowasha, tazama ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Usipouona, zima papo hapo.

Kijana mmoja aliyepata dhahabu Mongbwalu aliniuliza kama alete pikipiki ya maji, zile ambazo Kawasaki ilianza kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilimjibu kwa heshima. Chombo hicho hakina propela ya nje, kinanyonya maji chini ya tumbo na kuyarusha nyuma. Hapa kwetu kitanyonya mchanga na magugu maji, na kikizibwa katikati ya ziwa hakina kafi.

Nawaambia haya kwa ukali kwa sababu tumezika watu. Tarehe 22 Machi 2014 mtumbwi uliowabeba wakimbizi wenzetu waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Kyangwali ulipinduka, wakafa zaidi ya 100, wengi wao watoto. Hakuna mkuku unaookoa mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi, na nahodha anayekubali abiria wa ziada kwa sababu ya nauli anajua anachofanya. Miaka minne baadaye, Februari 2018, vita vilipowaka tena Djugu, makumi ya maelfu walivuka na chochote kilichoelea. Nami nilivuka usiku na familia yangu na majirani, katika mtumbwi wa fundi. Mafuta tuliyonunua kwa haraka yalikuwa na maji, na moteri ikazima katikati, upepo ukiwa wa ubavuni. Tulifunga furushi la nyavu kwenye kamba, tukalitupa omo. Likauvuta mtumbwi ukageukia upepo, na mkuku ule wa vidole vinne ukausaidia kubaki hivyo wakati nikisafisha kabureta kwa tochi ya simu. Mtumbwi bapa uliokuwa karibu nasi ulisukumwa upande mpaka hatukuuona tena. Asubuhi tuliukuta umefika kusini mbali sana, watu wake hai, Mungu asifiwe, lakini wakiwa wameteka maji kwa ndoo usiku kucha.

Ndiyo maana jibu langu kwa anayenunua ni moja: uliza mtumbwi huu utakaaje moteri ikizima. Muuzaji akishindwa kukujibu, au akianza kukutajia nguvu ya moteri, mwachie mtumbwi wake.

Na kwenu mafundi wa Tchomia, Joo na Torges, ombi langu ni kuhusu zile futi mbili. Acheni kuurefusha mkuku mpaka tezi kisha mkausingizia. Kielelezo alichokichonga fundi kwa mkono wake, ubao wa mvule wenye alama zote, ninacho nyumbani. Anayetaka kukipima aje na kamba yake. Simtozi kitu.