Kwa Motokari katika Nchi ya Wagiriki wa Kale

Katika seminari ndogo tulijifunza majina ya miji ya Wagiriki kabla ya kuijua miji yote ya Kongo. Tuliyataja kwa kuimba, kama watoto wanavyoimba namba: Atene, Korinto, Mycenae, Delphi. Kwetu yalikuwa maneno ya daftari tu. Wazee wa Lubumbashi walimjua Mgiriki mwingine, Mgiriki wa duka, mwenye kuuza samaki wa chumvi na vitambaa. Lakini huyo hakuna aliyemhesabu kuwa ndugu wa wale wa daftari. Na hatukufikiri hata siku moja kwamba kati ya mji na mji kuna milima, wala kwamba mtu aweza kuona njaa njiani.

Mwezi wa Mei uliopita tulifika huko kwa macho yetu. Yaya yetu, mtoto wa mama mkubwa, amekaa Atene miaka tisa, naye hufanya kazi ya kupaka nyumba rangi. Miaka yote tisa hakuwahi kuona mahali pa kale hata pamoja, isipokuwa ile ngome ya Akropoli ambayo huiona kila siku kutoka juu ya ngazi yake ya kazi. Alipopata ruhusa ya siku tano, tukakodi motokari ndogo. Yeye akashika usukani, sisi tukashika ramani na kusoma vibao. Herufi za Kigiriki tulizofundishwa na Padri mmoja mzee zilitufaa kweli, ingawa vibao vikubwa vimeandikwa pia kwa herufi zetu. Huendesha upande wa kuume, kama kwetu. Barabara kuu ina peaje nyingi: unalipa, unapewa karatasi, unapita. Askari wa rulaje hakutusimamisha hata mara moja, na yaya alisema jambo hilo peke yake lastahili kuandikwa katika gazeti. Basi tumeliandika.

Jambo ambalo vitabu havikutufunza sana ni ile milima. Unaendesha katika bonde lenye mizeituni, bonde dogo, mtu alivuka kwa miguu katika nusu siku. Kisha barabara inapanda, inazunguka na kuzunguka mpaka masikio yanaziba. Halafu unashuka katika bonde lingine, na hilo lilikuwa nchi nyingine, yenye sheria yake na fedha yake na vita vyake. Kandokando ya njia, penye kona kali, kuna vijumba vidogo vya chuma vyenye picha takatifu na taa ndani yake. Vingine huwekwa mahali mtu alipofia, vingine mahali alipopona. Yaya alipunguza mwendo kila alipokiona kimoja.

Tulianza kwa Sounion, ncha ya nchi ya Atene, yapata kilometa 70 kutoka mjini. Wageni wengi hufika pale jioni, huangalia jua likizama kati ya nguzo nyeupe za hekalu la Poseidon, kisha hurudi kula. Nasi tuliliangalia. Ni kuzuri, hatukatai. Lakini asubuhi tulipitia upande wa mashariki, kwa mji wa bandari uitwao Lavrio, kwa maana huko ndiko ilikokuwa Laurion ya kale, penye mashimo ya fedha. Sisi ni watoto wa nchi ya mashimo. Mtu wa Katanga akisikia neno hilo hawezi kupita tu.

Karibu na Lavrio kuna kilima kiitwacho Thorikos. Pana uwanja wa michezo ya kuigiza, mmojawapo wa ile ya kale kabisa ya Ugiriki, wenye viti vya mawe vilivyopangwa ubavuni mwa kilima. Si mviringo mzuri kama ile mingine. Ni mrefu, kama mtumbwi. Na hatua chache tu kutoka kwenye viti hivyo kuna tundu katika mwamba, limefungwa kwa nondo. Ni mlango wa mgodi. Watu walikaa hapa wakitazama mchezo, na pembeni yao watumwa walikuwa wakiingia chini ya ardhi. Wataalamu wa Ubelgiji walianza kufukua mahali hapa mwaka wa 1963, miaka mitatu baada ya Uhuru wa Kongo. Tulipomwambia yaya, alicheka, akasema, “Hata huku wanafuata mashimo!”

Tueleze kazi yenyewe, maana wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi watapenda kuijua. Fedha ya Laurion haikutoka peke yake. Ilikuwa ndani ya mawe yenye risasi. Watu walikata mwamba kwa nyundo na patasi za chuma, wakifanya vinjia ambavyo mara nyingi havikufika meta moja kwa kwenda juu. Mtu hakuweza kusimama. Alichimba kwa kulala au kwa kupiga magoti, na taa ndogo ya mafuta kando yake. Mawe yalipondwa na kusagwa, yakaoshwa juu ya sakafu za mteremko zenye mifereji, ili udongo mwepesi uchukuliwe na mzito ubaki. Nchi ile ni kavu; kwa hiyo walichimba matangi makubwa ya kuhifadhi maji ya mvua, na maji yaleyale yalizungushwa tena na tena. Kisha tanuru: kwanza risasi, halafu risasi ikayeyushwa tena mpaka fedha ikabaki peke yake. Fundi wa kwetu angeelewa yote bila mkalimani.

Mwaka wa 483 kabla ya Kristo walipata mwamba wenye fedha nyingi mno. Wengine walitaka kila raia apewe drakma kumi. Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita badala yake. Na kwa merikebu hizo, mwaka wa 480, walimshinda mfalme wa Waajemi pale Salamis. Haya tuliyasoma seminarini, na Padri wetu alipiga meza kwa furaha alipofika kwenye ushindi. Mchimbaji hakutajwa. Xenophon aandika kwamba Nicias, jemadari tajiri, alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha kwa mashimo kwa oboli moja kila mtu kwa siku, na oboli sita ni drakma moja. Na mwenye kukodi alipaswa kurudisha hesabu kamili. Fikirini maneno hayo, hesabu kamili. Aliyekufa alilipwa kwa mwingine. Na Thucydides asema kwamba baada ya adui kupiga kambi karibu na Atene mwaka wa 413, watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka. Hakuandika jina la hata mmoja. Jiwe la kaburi moja lilipatikana huko Laurion, la mchimbaji Atotas, mtu wa Paphlagonia karibu na Bahari Nyeusi, ajisifuye kwa ufundi wake. Mmoja huyo, na wale elfu na elfu wako wapi?

Babu yetu sote wawili, baba wa mama zetu, alichimba shaba upande wa Kolwezi. Alipofariki aliacha kibati kidogo chenye tundu la kupitisha kamba, na juu yake namba ya kazi. Jina halimo. Kibati hicho kiko kwa mama mkubwa mpaka leo. Yaya aliweka uso wake kwenye nondo za lile tundu. Hewa ya baridi ilikuwa ikitoka ndani. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akauliza, “Mwalimu, babu angeingia humu?” Tukamjibu kwamba babu alikuwa mrefu. “Wangempinda,” akasema, akarudi motokarini.

Kutoka hapo tulizunguka Atene, tukafika kwenye shingo ya nchi ya Korinto. Mfereji wa meli una urefu wa kilometa 6 na kidogo, umekatwa kama kwa kisu kati ya kuta mbili za mwamba; ulifunguliwa mwaka wa 1893. Wagiriki wa kale hawakuwa nao. Walikuwa na barabara ya mawe, na juu yake walivuta vyombo kutoka bahari hata bahari. Nero ndiye aliyeanza kuchimba mfereji mwaka wa 67 baada ya Kristo, naye akaletewa vijana 6,000 wa Kiyahudi waliotekwa katika vita vya Galilaya. Alipokufa, kazi ikaachwa. Tulisimama darajani pamoja na wageni wengine waliokuwa wakipiga picha, na yaya akasema kwamba sasa kila tundu la nchi hii analitazama kwa jicho lingine.

Katika Korinto ya kale zimebaki nguzo saba za hekalu la Apollo, na chini yake uwanja wa soko, na katikati ya soko jukwaa la mawe. Hapo ndipo Mtume Paulo aliposimamishwa mbele ya liwali Galio. Mwaka wake twaujua kwa karibu kwa sababu ya barua ya Kaisari Klaudio, iliyochongwa juu ya jiwe huko Delphi, nayo yamtaja Galio. Kwa hiyo wataalamu huhesabu kwamba Paulo alikuwa Korinto karibu na mwaka wa 51. Lakini jambo lililotukaa rohoni ni lingine. Waroma waliubomoa mji huo mwaka wa 146 kabla ya Kristo. Julius Kaisari alipoujenga upya, mwaka wa 44, aliwapeleka hasa watu waliokuwa watumwa na kupewa uhuru. Basi wale ambao Paulo aliwaandikia juu ya utumwa na juu ya kununuliwa kwa bei, wengi walikuwa wajukuu wa watu hao. Hawakuhitaji katekista kuwaelezea bei ya mtu. Katika nyumba zao ilijulikana.

Juu ya Mycenae na Epidaurus hatutasema mengi, maana vitabu vimejaa sifa zao. Mlango wa Simba ni mkubwa kweli, na jiwe lililolazwa juu ya mlango wa kaburi liitwalo la Atreus lina uzito wa zaidi ya tani 100. Tulijiuliza mikono mingapi ililivuta. Huko Epidaurus yaya alipanda mpaka safu ya juu kabisa, ya 55, nasi tukaangusha sarafu katikati ya uwanja. Aliisikia. Akashuka akadai apewe.

Siku ya nne tulivuka bahari kwa daraja la Rio, lililofunguliwa mwaka wa 2004, refu la meta 2,880, lililoning'inizwa kwa kamba nyeupe za chuma kama matanga. Kisha pwani, kisha bonde la mizeituni lisilo na mwisho, na barabara ikapanda mlima Parnassus mpaka Delphi.

Kila mtu aenda Delphi kwa ajili ya yule mama aliyekaa hekaluni akitoa majibu ya mungu wao. Wafalme walimwuliza kama waende vitani, na majibu yake mara nyingi yalikuwa na njia mbili, kama ya waganga tunaowajua. Tuliona hekalu. Tuliona katika nyumba ya makumbusho yule kijana mwendesha magari ya farasi, aliyetengenezwa kwa shaba na bati yapata mwaka wa 475 kabla ya Kristo, hata kope za macho yake zimo. Lakini sisi tulikuwa tumefuata ukuta.

Ukuta huo wabeba uwanja wa hekalu. Mawe yake hayakukatwa mraba. Kila moja lina pembe za namna yake, yameshikana kama vidole vya mikono miwili. Usoni mwake pamechongwa herufi ndogondogo, mistari kwa mistari, na hati zaidi ya 800. Nyingi ni hati za watumwa kupewa uhuru. Mtumwa hakuweza kufanya mapatano na bwana wake kadiri ya sheria. Basi bwana “alimwuza” kwa mungu Apollo, na bei ilitoka kwa mtumwa mwenyewe. Mungu hakumtumikisha, na kwa hiyo mtu alikuwa huru. Majina ya mashahidi yamo, na ya mdhamini, na bei. Wengi walioachiliwa ni wanawake. Na uhuru wenyewe mara nyingine ulikuwa na mkia: mtu amekwisha kulipa, lakini akae na bwana wake akimtumikia mpaka bwana afe. Hati nyingine zadai aache mtoto mahali pake.

Hati moja ya Delphi tulikuwa tumeinakili daftarini kabla ya safari. Ni ya katikati ya karne ya 2 kabla ya Kristo. Yasema wameuzwa kwa Apollo miili mitatu ya kike, maana ndivyo Wagiriki walivyomwita mtumwa, mwili: Antigona, Myahudi kwa kabila, na binti zake Theodora na Dorothea, kwa mina saba za fedha. Tuliisoma kwa sauti chini ya ukuta, polepole, kwa Kigiriki chetu kibovu cha seminari, kisha kwa Kiswahili. Yaya akataka tuyarudie yale majina matatu. Tukayarudia.

Kisha akaanza hesabu kwa vidole. Mina saba ni drakma 700. Kwa oboli moja kwa siku, kama ile kodi ya Nicias, ni siku 4,200, yaani zaidi ya miaka 11. Tukamwambia kwamba kati ya Nicias na Antigona ni yapata miaka 250, bei hazilingani. Hakusikia. “Mama mwenye watoto wawili,” akasema, “mina saba alizitoa wapi?”

Jiwe halisemi. Mlinzi alikuwa akipiga filimbi ya kufunga, na wageni walikuwa wakishuka. Yaya akatuomba daftari na kalamu, akaegemea ukingo wa njia, akanakili majina yote matatu kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya peaje.