Gurudumu la Ukutani

Nililitoa Gikomba, kwa mama muuza kuni. Gurudumu la mbao lenye meno pande zote, upana kama sinia la pilau ya harusi. Alikuwa na gunia zima la vipande kama hivyo kutoka kiwanda kimoja cha kusubu chuma kilichofungwa, na vingine tayari vilikuwa vimepikia watu maharagwe. Nikampa mia nane, nikapanda nalo matatu hadi Umoja.

Mtandaoni nilikuwa nimeona watu wa Uingereza na Marekani wakitundika vitu hivi sebuleni, wengine wakivigeuza taa au fremu za vioo. Langu lilikuwa na rangi chafu, njano hapa, nyeusi pale. Nikakaa na msasa wikendi mbili, nikang'oa vipande vya ngozi vilivyokuwa vinabanduka kwenye kona, nikapaka vanishi. Likatoka safi, wacha tu. Kila mgeni akiingia, simu inatoka, picha inapigwa.

Kisha Babu akaja Nairobi kwa kliniki ya macho. Asubuhi nikamkuta amesimama karibu kabisa na ule ukuta, chai imepoa mkononi, anapapasa meno ya gurudumu kwa kidole.

"Nani amelikwangua?"

Nikasema ni mimi, tena kwa majivuno.

Mimi nilijua Babu alikuwa seremala. Nyumbani kila mtu husema hivyo, nami nikadhani ni vitanda na makabati. Kumbe miaka yote ile ya kazi mjini alikuwa akichonga hizi. Yeye aliziita pateni. Pateni hufukiwa kwenye mchanga unaoshindiliwa ndani ya fremu, ikichomolewa inaacha shimo la umbo lake, na chuma kilichoyeyuka humiminwa humo. Ndiyo maana kingo zake zimeinama kidogo (mimi nilidhani mbao imepinda): zingesimama wima, zingebomoa mchanga zikitoka. Zile ngozi zilikuwa za kuviringisha kona za ndani, maana kona kali hufanya chuma kipasuke kikipoa. Na ile rangi chafu? Kiwandani kwao njano ilimwonyesha fundi wa mashine mahali pa kuchonga. Nyeusi ilikuwa mahali pa kukaa kiini cha mchanga, kile kinachoacha tundu la ekseli.

"Sasa umebakisha mbao tu," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nilipoenda nyumbani alinitolea rula yake ya chuma. Nikiwa shule ya msingi alinikataza kabisa kuigusa, nikadhani ni ukali wa wazee. Tuliilaza kando ya rula ya kawaida: futi yake moja inazidi kwa thumuni ya inchi. Chuma cha kusubu hupungua kiasi hicho kikipoa, kwa hivyo pateni lazima iwe kubwa tangu mwanzo. Aluminiamu hupungua zaidi, nayo ina rula yake.

Siku hizi ninazo pateni tano. Nne sijazigusa, ni kitambaa kikavu tu. Ile ya kwanza, jamaa mwenye mkahawa ananipa elfu kumi na mbili aitie kioo katikati. Nikampigia Babu simu.

"Uza," akasema. "Hiyo hata mimi siwezi kuisoma tena."

Sijauza. Nimenunua kopo la njano na kopo la nyeusi. Desemba atakuja kliniki tena, na macho yakimruhusu, ataniambia ipi iende wapi.