"Niko Fiti" Ndio Uongo Wetu Wanaume

Wasee, leo sichekeshi mtu.

Mwaka nilioacha chuo nilirudi Pap Onditi na begi moja, nikajifungia kwenye simba yangu karibu miezi miwili. Mchana nalala, usiku macho kodo. Chakula cha mama kinapoa mlangoni. Mtu akipiga simu, jibu ni lile lile: "Niko fiti, omera."

Wakati huo huo dada yangu alikuwa amejifungua, na alikuwa analia kila siku bila kujua kwa nini. Tofauti ni kwamba yeye alisema. Alianza na wamama wa nyoluoro, halafu akamwambia nesi siku ya chanjo ya mtoto. Nesi akamtuma kwa mshauri. Haikuwa rahisi, kuna waliosema ni mapepo. Lakini alikuwa na pa kuanzia.

Mimi ningeanzia wapi? Mwanamke hukutana na nesi akiwa mjamzito, akipeleka mtoto, akipanga uzazi. Sisi tunamwona nesi pikipiki ikituangusha. Pale steji tunaongea Gor Mahia na siasa mpaka jioni, hakuna anayekuuliza unalala vipi. Ukijaribu kusema, unaambiwa jikaze, wewe ni mwanaume.

WHO inasema depresheni huwapata wanawake zaidi, lakini duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Fikiria hiyo hesabu. Na hapa Kenya, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka 2 chini ya kifungu cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitupa Januari 2025. Nani angesema ukweli na jela inamngoja?

Mimi niliokolewa na dada. Aliingia, akaniwekea mtoto mikononi, akasema, "Nilikuwa hapo uko. Kesho nakusindikiza." Nikakataa. Kesho yake akaja tena.

Nilikaa kwenye benchi na wamama na watoto wao, mwanaume peke yangu, naona aibu. Mshauri akaniuliza tu, "Unalala?" Nikalia kama mtoto.

Siku hizi nikiwa steji nauliza hilo swali. Wengi hucheka. Wiki jana mmoja hakucheka, tukaongea mpaka giza.

Kama huna wa kuongea naye, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Na wewe bro, jana ulilala?