Tulimkimbiza hospitali usiku, kumbe mtoto alikuwa amelala

Kwa wiki mbili mfululizo nyumbani kwetu usiku haukuwa usiku. Binti yetu wa miaka miwili na nusu aliamua kwamba giza likiingia ndiyo kazi inaanza. Saa saba usiku anataka kuvaa viatu. Saa nane anataka uji, ukishapikwa anataka maji. Siku moja baba yake alimkuta amekaa katikati ya kitanda anamwita paka, na sisi hatufugi paka.

Asubuhi tulivicheka vituko hivyo huku macho yakiwa mekundu. Ni mtoto wetu wa kwanza, na kila tuliyemweleza alitujibu kwamba yatapita.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Alikuwa amelala saa nne usiku. Ilipofika saa tano na nusu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto yeyote. Nilipowasha taa alikuwa ameketi, macho yamemtoka, jasho linamchuruzika, moyo unamwenda mbio. Nilimwita jina lake, hakuitika. Nilipomshika alinisukuma na kulia zaidi, ananitazama kama mtu asiyenijua.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu degedege zaidi ya mara moja, nikiwasihi wazazi waachane na imani kwamba ni kazi ya mashetani au kwamba sindano ya hospitali itamuua mtoto. Usiku ule yote niliyoyaandika yaliniruka. Nililia tu, "Degedege! Hii ni degedege!" Mume wangu alikuwa ameshampigia simu mama yake.

"Mfunikeni kanga, mwombeeni dua, na mwende hospitali sasa hivi," mama mkwe alisema. Tulifanya yote matatu.

Ndani ya bajaji, kabla hatujafika barabara kuu, mtoto alinyamaza. Alilaza kichwa begani kwa baba yake akaanza kukoroma. Hilo nalo likatutisha. Njia nzima niliweka kidole karibu na pua yake kuhakikisha anapumua.

Daktari wa zamu alimpima joto, nyuzi 36.7. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akatuuliza kama mikono au miguu ilikakamaa au kutikisika. Haikuwa hivyo. Akauliza kelele zilianza muda gani baada ya kulala. Saa moja na nusu.

"Mama, mtoto wako hakuamka," alisema. "Aliweweseka. Waliokuwa macho ni nyinyi wawili."

Alitueleza kwamba hali hiyo huwapata baadhi ya watoto wadogo, mara nyingi katika saa chache za mwanzo za usiku, usingizi ukiwa mzito. Sehemu ya ubongo inakuwa kama imeamka na nyingine bado imelala. Mtoto anapiga kelele, anatoka jasho, hata macho anafumbua, lakini hakuoni. Kwa kawaida hudumu dakika chache, na asubuhi hakumbuki kitu.

Ndoto mbaya ni tofauti. Hiyo huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto anaamka kabisa, anakutambua na kutaka kubebwa, na kama ameshajua kuongea anaweza kukusimulia.

Nilianza kupumua. Ndipo daktari akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Huwa analala saa ngapi?"

Tuliangaliana. Ukweli ni kwamba mume wangu, kwa sababu ya foleni, hufika nyumbani saa tatu na nusu. Ili amkute mtoto macho, mimi nilikuwa nampa simu aangalie katuni. Analala saa nne, na saa kumi na moja na nusu alfajiri tunamwamsha kumpeleka kituo cha kulelea watoto. Huko analala kama saa moja mchana. Jumla ni saa nane na nusu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa umri wake anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukiwemo wa mchana. Mwongozo huo nilikuwa naufahamu. Sikuwahi kukaa nikahesabu saa za mwanangu mwenyewe. Na uchovu ni moja ya mambo yanayochochea kuweweseka.

Siku mbili baadaye ilijirudia. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimpe kijiko cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Nakiri kwamba niliishika ile chupa mkononi, maana nilikuwa nimechoka. Nikairudisha kabatini. Dawa ya mafua si ya kumlazia mtoto. Inaweza kumdhuru, hata kuathiri upumuaji wake.

Badala yake tulibadilisha ratiba. Simu inazimwa mapema. Saa mbili kamili yuko kitandani, na kituoni tuliomba wamwache alale saa moja na nusu mchana. Sasa zinatimia saa 11. Aliyeumia ni baba yake. Wiki ya kwanza alikuwa anarudi na kusimama mlangoni mwa chumba akimtazama mtoto aliyelala. Siku hizi yeye ndiye anayemwogesha na kumnywesha uji alfajiri, na mimi nasikia vicheko vyao nikiwa jikoni.

Mzazi mwenzangu, yakikukuta, usimtikise mtoto wala kumlazimisha aamke. Kaa karibu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, subiri. Ukiweza mrekodi kwa simu, daktari ataelewa haraka. Lakini akiwa na homa, mwili ukikakamaa au kutikisika, akipumua kwa shida, akitapika kila kitu au ukishindwa kumwamsha, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Akitikisika, mlaze ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni. Na ukiwa na shaka, nenda tu. Sisi hatujutii nauli ya bajaji.

Wiki iliyopita alipiga kelele tena, mara moja. Safari hii hatukuwasha taa kubwa. Tulikaa kila mmoja upande wake wa kitanda, mume wangu akiangalia saa. Dakika nne. Kisha akajilaza mwenyewe, akageukia ukutani.

Asubuhi aliamka anadai uji. Sisi ndio tuliokuwa tunasinzia mezani.