Wageni wa Mvua ya Vuli

Tuipokeapo mvua ya vuli, wengi wetu hutazama chini, kwenye jembe. Leo nataka kuwapa habari za juu.

Safari hii mvua ya kwanza ilikuja na dhoruba kali, upepo ukivuma toka upande wa Uluguru usiku kucha. Kulipokucha kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi, na katika mashamba ya mpunga karibu na mto Wami palikuwa na ndege ambao jana yake hawakuwako: korongo weupe wenye mabawa yaliyotiwa weusi, mbayuwayu wengi mno, na kozi wadogo wenye miguu myekundu, ukubwa wao kadiri ya njiwa.

Korongo hao hutoka Ulaya. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingo. Alikuwa amesafiri nao njia yote! Hata leo yuko Rostock, amekaushwa, na mkuki wake. Nabii Yeremia alikwisha kusema zamani kwamba korongo na mbayuwayu wajua majira yao.

Lakini kozi ndiye aliyenishangaza zaidi. Huyu huzaliwa pande za mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, hupita India, kisha huvuka bahari kuu mchana na usiku pasipo kutua, hata afike Afrika. Huko Nagaland, jimbo la India ambalo watu wake wengi ni Wakristo, mwaka 2012 kozi hao walinaswa kwa nyavu makumi elfu karibu na bwawa la Doyang, wakauzwa kuwa kitoweo. Habari zilipoenea, wazee wa vijiji, wachungaji na serikali walishauriana, na mwaka 2013 nyavu hazikutegwa. Si jambo dogo, maana wale watu waliacha fedha halisi.

Nasi je? Asubuhi ile ile vijana wetu walitoka na manati. Nilipowazuia, mzee mmoja jirani aliniambia, "Mwalimu, ndege ni ndege. Wote ni wezi wa mpunga wangu."

Nilimjibu kwa heshima kwamba mwizi ni kwelea, wala mimi simtetei. Ajuaye kuamia shamba tangu alfajiri hawezi kumtetea. Kozi na korongo hawali punje. Chakula chao ni panzi, nzige, nyenje na kumbikumbi. Korongo hata panya humla. Mzee akanyamaza, kisha akasema atatazama mwenyewe. Akaketi pembeni ya jaruba mpaka jua likawa kali, akawaambia wajukuu wake waweke manati chini. Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Tena, wazazi, mahali ambapo eropleni imepuliza sumu ya kwelea, msiwaache watoto waokote mizoga waile. Kozi alaye kwelea huyo huweza kufa naye.

Na mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete ya chuma mguuni, asiitupe. Aandike namba na maneno yaliyochorwa juu yake, na siku na mahali alipomwona, ayapeleke kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Kwa pete za namna hiyo njia za mbayuwayu na korongo zimejulikana.